Uzi: Shiva anayecheza ndani ya moto, na namna ya kuzisoma sanamu za shaba za Wachola

Msubu Nta

Wakuu, salaam.

Kuna mdau kwenye uzi wa vitu vya kale alibandika picha ya sanamu ya shaba: mtu mwenye mikono minne, mguu mmoja juu, anacheza katikati ya duara la moto. Akauliza "hii ni nini na inauzwaje". Alichopata ni vichekesho na mistari ya Biblia, kisha uzi ukapigwa kufuli. Naona kitu kile kimeonewa, kwa hiyo nakifungulia uzi wake. Habari ya bei ipo, ila msiruke kurasa.

Yule ni Shiva, kwa cheo cha Nataraja, bwana wa ngoma. Kwao ni Tamil Nadu, kusini mwa India, hasa bonde la mto Kaveri, enzi za ufalme wa Chola ulioanza kupata nguvu katikati ya karne ya 9 na kumalizika mwaka 1279. Aliyempa Shiva huyu nafasi kubwa kwenye mahekalu ni mwanamke: Sembiyan Mahadevi, malkia wa karne ya 10 aliyefiwa na mumewe, akaishi miaka mingi baada yake akijenga upya kwa mawe mahekalu yaliyokuwa ya matofali, na Nataraja akiwekwa ukutani. Vizazi vichache baadaye shaba ndiyo iliyoshika usukani.

Sasa tumsome. Mkono wa kulia wa nyuma umeshika kigoma kidogo chenye kiuno chembamba, damaru. Mlio wake ndio mwanzo wa vitu. Mkono wa kushoto wa nyuma una ulimi wa moto, nao ni mwisho wa vitu. Mikono hiyo miwili hutanuliwa sawasawa, kimo kimoja, na hilo ni la makusudi: kuumba na kuteketeza viko kwenye mizani moja. Mkono wa kulia wa mbele kiganja kimesimama wima kukuelekea, maana yake usiogope. Wa kushoto wa mbele umekatiza kifuani umelegea kama mkonga wa tembo, vidole vinaelekeza chini kwenye mguu ulioinuliwa. Pale ndipo mahali pa kukimbilia. Mguu wa pili umemkanyaga kijitu kifupi, Apasmara, Watamil humwita Muyalakan. Huyo ni ujinga na usahaulifu. Mtazameni vizuri: hajafa. Mara nyingi kashika nyoka, kainua shingo, kakodoa macho. Amebanwa tu.

Ukisogea karibu zaidi utaona masikioni hereni hazifanani. Kulia ni ya kiume, kushoto ni ya kike, kwa kuwa upande wa kushoto wa Shiva ni wa mkewe Parvati. Nywele zimefumuka kwa kasi ya mzunguko zikatanda pande mbili, na ndani yake, upande wa kulia, kuna binti mdogo kuliko kidole gumba ameunganisha viganja, kiunoni kwenda chini ni kama samaki. Ni mto Ganges. Hadithi inasema mto ulipoteremka kutoka mbinguni ungeipasua dunia, Shiva akaudaka kwa nywele zake. Kuna pia mwezi mwandamo na fuvu.

Na katikati ya fujo yote hiyo, uso umetulia kabisa, hauna hata kunjo. Kwangu mimi hapo ndipo fundi alipomaliza kazi. Mwili unakwenda mbio, uso hauna habari.

Nitaendelea na namna zilivyosubiwa. Ulizeni.

Kikombe cha Kahawa

Nipo siti ya mbele. Huyu kijitu aliyekanyagwa ana kisa gani mkuu?

Msubu Nta

Kisa cha msituni. Palikuwa na watawa waliojiona wamefika, kwamba kwa kafara na makombe yao hawana haja tena na mungu yeyote. Shiva akawajia amejibadilisha. Wakakasirika, wakamtumia chui milia kutoka kwenye moto wao wa kafara. Akamchuna ngozi akaivaa. Wakamtumia nyoka, akamfanya mkufu. Mwisho wakamtumia yule kijitu, akamwekea mguu mgongoni akaanza kucheza. Ndiyo maana utakuta nyoka na ngozi vimekuwa mapambo. Silaha zote za maadui zimevaliwa.

Nyundo ya Saba

Mkuu umeandika vizuri ila tuseme ukweli, haya ni masanamu. Maandiko yameshamaliza. Mtu anasujudia chuma alichokiyeyusha mwenyewe, halafu tunaambiwa "alama".

Msubu Nta

Ndugu yangu Nyundo, sijakuomba usujudu. Lakini tusiwasemee. Kwa imani yao, shaba ikitoka kwenye kalibu bado ni shaba tu. Kuna ibada za kuiingiza uhai, na ya mwisho ni kufungua macho: fundi anachora mboni kwa kifaa cha dhahabu. Kabla ya hapo hakuna anayeiombea. Na hata baada ya hapo wanasema mungu amekaribishwa akae humo kama mgeni, hajafungwa humo. Unaweza kukataa yote hayo, ni haki yako, ila likatae lile wanalolisema wao.

Mlinzi wa Nyaraka

Niongeze kidogo na nipunguze kidogo. Hii tafsiri ya "ngoma ni kuumba, moto ni kuteketeza" tunaikuta wazi kwenye maandishi ya Kitamil ya karne ya 13, wakati sanamu zenyewe zilianza zaidi ya miaka 200 kabla. Aliyeieneza kwa wasomaji wa Magharibi ni Ananda Coomaraswamy, miaka ya 1910, na kuanzia hapo kila kitabu kikamfuata. Wapo wasomi kama Padma Kaimal waliohoji: je, kwa Wachola wenyewe Nataraja hakuwa pia nembo ya ukoo, mungu wa vita na ushindi? Wafalme wale hawakuwa watu wa kutafakari tu. Rajaraja wa Kwanza na mwanawe Rajendra walipiga vita hadi Sri Lanka, na Rajendra akatuma meli mpaka Sumatra.

Msubu Nta

Hoja nzito hiyo, na sioni haja ya kuchagua upande mmoja. Mfalme anaweza kumpenda mungu na bado akamtumia kama bendera. Ila nakubali kwamba maelezo ya mkono kwa mkono niliyotoa juu ni ya waumini na wanafalsafa wa baadaye, na hadi leo ndiyo yanayosomwa. Hata ile Nataraja ya mita mbili ambayo serikali ya India iliwapa wanafizikia wa CERN, kituo cha utafiti wa chembe kilichoko Geneva, mwaka 2004, ilikwenda na maana hiyo hiyo: ngoma ya kuumba na kuvunja, safari hii ya chembe.

Haya, karakana. Hapa naomba mnivumilie, mimi kazi yangu ni ya moto na kalibu.

Sisi wa sufuria tunasubu kwa mchanga. Unakandamiza kielelezo, unakitoa, unamimina, kesho unarudia na kielelezo kile kile. Wao walitumia nta. Fundi, wanaitwa sthapati, anachukua nta ya nyuki, anaichanganya na utomvu wa mti na mafuta kidogo ili iwe laini ya kufinyangwa lakini isilegee kwa joto la mkono. Vipimo havitoki kichwani. Anachukua ukuti mwembamba wa mnazi wenye urefu wa sanamu, anaukunja mara kadhaa, na kila mkunjo ni sehemu ya mwili: uso sehemu moja, shingo kiasi gani, kifua, mapaja. Kipimo cha msingi ni urefu wa uso. Hakuna rula.

Nta ikishachukua umbo lote, pamoja na shanga na mikunjo ya nguo, inapakwa udongo. Tabaka la kwanza ni la udongo laini sana wa mashapo ya Kaveri, mwembamba, unakaushwa kivulini. Hili likikosewa kazi yote imekwenda, kwa sababu ndilo linaloshika kila mstari wa uso. Juu yake udongo mzito uliochanganywa na mchanga, kisha nyaya za chuma kuzungushia. Kalibu inapashwa kwa moto wa samadi ya ng'ombe iliyokaushwa, nta inayeyuka inatokea tunduni. Panabaki nafasi tupu yenye sura ya mungu. Kalibu inafukiwa ardhini mdomo ukiwa juu, shaba inamiminwa polepole bila kukatisha. Ikipoa, udongo unavunjwa.

Maana yake kalibu haitumiki mara mbili. Hakuna sanamu ya Chola yenye pacha wake. Na nyingi za kusini ni nzito, shaba tupu hadi ndani, si gamba lenye tundu kama sanamu nyingi za Ulaya. Ukiambiwa mita moja ya Nataraja inabebwa na mtu mmoja, jiulize.

Fundi Gereji

Mchanganyiko gani wa madini? Nimesikia wanatia dhahabu.

Msubu Nta

Wanasema madini matano: shaba, bati, risasi, fedha na dhahabu. Kiuhalisia shaba ndiyo karibu yote, bati na risasi vinaifanya itiririke vizuri na kujaza vidole. Dhahabu na fedha ni chembe za baraka, mwenye kuagiza anaweza kutupia pete yake kwenye chungu. Bonde lenyewe la Kaveri halina machimbo ya shaba, kwa hiyo kila kilo ililetwa kutoka mbali. Tajiri ndiye aliyeweza kuagiza.

Kazi haijafa. Kijiji cha Swamimalai, karibu na Kumbakonam, bado kina familia za masthapati. Ile Nataraja ya futi 27 iliyosimamishwa Delhi kwa mkutano wa G20 mwaka 2023 ni mkono wa watu wa huko, na ni kwa nta.

Mwana wa Pate

Mkuu, hii mbinu ya nta hata kwetu ipo. Siwa ya Lamu, lile baragumu la shaba, ilisubiwa hivyo hivyo. Na msisahau simba wa Shanga! Kwenye magofu ya Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alifukua kisimba cha shaba, kidogo kinaenea kiganjani, cha miaka ya 1100 hivi. Sura yake wameifananisha na visimba vya ibada vya Deccan, uwanda wa juu wa India. Alikuwa anafanya nini Pate wakati mji tayari una msikiti, mjadala mpaka leo.

Msubu Nta

Asante sana kwa madini hayo. Kisimba kile kinastahili uzi wake, ufungue wewe.

Likoni Moja

Hapa Mombasa nimeingia mahekalu mawili matatu kwa mialiko ya harusi. Sanamu nilizoziona ni nyeupe, za marumaru, zimevikwa nguo. Shaba kubwa kama hizi sijaona.

Msubu Nta

Ni kwa sababu Wahindu wengi wa pwani yetu asili yao ni Gujarat na Kutch, magharibi ya India, na huko mazoea ni marumaru. Shaba kubwa za kutembezwa ni mambo ya Watamil. Lakini hilo la nguo umeligusa penyewe, na ndilo lililonifanya niandike uzi huu.

Sanamu za shaba tunazoziona makumbusho ziko uchi, za kijani au za kahawia, taa imewekwa pembeni ili kiuno kionekane. Aliyeagiza hakuwahi kukusudia uzione hivyo. Ndani kabisa ya hekalu, kwenye chumba chenye giza, kuna mungu wa jiwe asiyetoka. Shaba ilitengenezwa ili mungu aweze kutoka. Angalieni kitako cha sanamu: kina matundu au masikio ya kupitishia miti ya kubebea mabegani. Siku ya sikukuu anaogeshwa kwa maziwa, maji ya manjano na sandali, anavikwa hariri, vito na mataji ya maua mpaka kinachobaki kuonekana ni uso tu, pengine na kiganja. Anazungushwa mitaani. Wagonjwa wanamwona kwenye vizingiti vyao. Na wale wa matabaka waliozuiwa kuingia hekaluni, kizuizi ambacho huko jimbo la Madras, lililojumuisha Tamil Nadu ya leo, sheria ilikiondoa mwaka 1947, kwao hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kumwona.

Kwenye kuta za hekalu kuu la Thanjavur, lililokamilika 1010, Rajaraja alichongesha orodha ya sanamu za chuma zilizotolewa: kimo kwa vidole na dhiraa, mikono mingapi, na kila kito chenye lulu zake zilizohesabiwa. Ukisoma orodha ile ndipo unajua tunachokiona leo ni mwili uliovuliwa kila kitu. Parvati anasimama kiuno kimepinda, mkono wa kulia vidole vimekunjwa kama vinashika kitu, na havina kitu. Humo ndimo lilipochomekwa ua bichi.

Ila kuna moja ambayo utupu umeisaidia. Iko jumba la sanaa la Thanjavur, ilifukuliwa Tiruvenkadu mwaka 1951, na yenyewe ni ya mwaka 1011. Shiva amesimama, mguu umekatiza mbele ya mwenzake, nywele zimefungwa kilemba kwa nyoka, mkono wa kulia umeegemea hewani. Alikuwa ameegemea fahali wake Nandi. Fahali hayupo. Na bado uzito wa ule mkono unauona, bega limeshuka kidogo, kidole kimelegea. Nimeitazama picha yake mara nyingi kuliko ya Nataraja yoyote.

Kikombe cha Kahawa

Ilifukuliwa? Nani alizifukia?

Msubu Nta

Makuhani wa mahekalu wenyewe. Mwaka 1311 Malik Kafur, jemadari wa sultani wa Delhi, alishuka kusini kupora mahekalu, na baadaye vita havikuisha. Shaba inayeyuka, kila mporaji anajua. Wakazifukia chini ya sakafu na mashambani. Wenye siri wakafa nayo. Ndiyo maana hadi leo mkulima akilima au akichimba msingi anakutana na mguu wa mungu.

Dalali Mzoefu

Sasa hapo ndipo biashara. Mkulima akikutana nayo inafikaje London?

Mlinzi wa Nyaraka

Hilo nalijibu mimi. Mwaka 1976 kibarua mmoja wa Pathur, kijiji cha Tamil Nadu, alichimba akapata Nataraja. Ikapita mikono kadhaa, mwaka 1982 ikanunuliwa na kampuni ya Canada, Bumper Development. Ilipopelekwa British Museum kusafishwa, polisi wa London wakaishika. Kesi ikaenda mahakamani, na miongoni mwa wadai akatajwa mungu mwenyewe, kwa kuwa sheria ya India inamtambua mungu wa hekalu kama mtu anayeweza kumiliki mali. Wakailinganisha na sanamu nyingine zilizofukuliwa pale pale. India ikashinda 1988, rufaa ikakataliwa 1991, mungu akarudi nyumbani.

Ya Sivapuram ni mbaya zaidi. Ilitolewa hekaluni miaka ya 1950 ikatengenezwe, kilichorudi ni bandia. Halisi ikauzwa kwa mkusanyaji wa sanaa Norton Simon huko Marekani mwaka 1973, dola 900,000. Ilirudi India 1986.

Msubu Nta

Na ya Sripuranthan. Hekalu la kijijini, limefungwa, halina mlinzi, wezi wakavunja mwaka 2006. Mwaka 2008 jumba la taifa la sanaa la Australia likainunua kwa kama dola milioni tano kutoka kwa Subhash Kapoor, mfanyabiashara wa New York. Kilichomwumbua ni picha: Taasisi ya Kifaransa ya Pondicherry ilikuwa imezunguka mahekalu ya kusini kwa miongo ikipiga picha kila sanamu na kuzitunza. Ukiweka picha ya zamani pembeni ya picha ya mnada, kovu kwa kovu, hakuna wakili wa kukuokoa. Ilirudishwa Septemba 2014. Kapoor alihukumiwa Kumbakonam mwaka 2022, miaka kumi.

Nyundo ya Saba

Kwa hili niko upande wao. Wizi ni wizi.

Dalali Mzoefu

Sawa, nimesoma yote kama ulivyoagiza. Ninayo moja, Ganesha wa shaba, yule mungu mwenye kichwa cha tembo, kimo cha dhiraa. Aliyeniuzia anasema ni "antiki" ya miaka 800 na ana karatasi kutoka idara ya mambo ya kale ya India iliyoruhusu itoke. Nimeahidiwa pesa ndefu. Ushauri?

Msubu Nta

Dalali, isome hiyo karatasi taratibu. Tangu sheria ya 1972, kitu kama hicho chenye umri wa miaka 100 au zaidi hakitoki India kwa biashara. Cheti anachopewa mwenye kusafirisha sanamu ni cha kuthibitisha kwamba *si* ya kale. Kwa hiyo kuna mawili. Ama karatasi ni ya kweli, na Ganesha wako ni mpya. Ama Ganesha ni wa kale kweli na karatasi ilipatikana kwa uongo, mchezo waliokuwa wakiucheza wezi wa sanamu, na hapo umeshika mali ya wizi. Hakuna la tatu linalokupa pesa ndefu.

Dau langu ni la kwanza. Nyingi zinazozunguka huku ni shaba ya njano kutoka Aligarh na Moradabad, zimesubiwa kwa mchanga, zikapakwa dawa ziote ukijani. Uinamishe uangalie chini. Ukikuta mstari wa kuungia kalibu ubavuni, ni ya mchanga. Ukijani ukitoka kwa kitambaa chenye maji, ni wa wiki jana. Angalia mashimoni, kati ya vidole na nyuma ya masikio: alama za tupa zinang'aa? Sanamu iliyoabudiwa karne nyingi imelainika pale mikono na maziwa vilipopita, pua imepungua, lakini mgongoni bado ni kali. Bandia huwa imechakaa kote sawasawa.

Na kama ni kazi ya mkono ya Swamimalai, mpya lakini kwa nta, ujue umepata kitu kizuri kwa jina lake halisi. Iuze hivyo.

Dalali Mzoefu

Mkuu, mstari wa ubavuni upo. Kuanzia kwenye sikio mpaka kwenye yule panya wake wa miguuni.

Msubu Nta

Basi mrudie aliyekuuzia kabla hajahama mtaa.